Chuma Kinapochoka: Juu ya "Uchovu", "Kufua" na "Marisaa"

Katika karakana moja ya magari mjini Tabora nilionyeshwa bapa la springi lililokatika vipande viwili. Lilitoka kwenye lori lililokuwa likibeba tumbaku kwa njia ya Urambo. Springi ile ilikuwa mpya, na iliponunuliwa ilifuatana na karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Sentensi moja ya karatasi hiyo ndiyo iliyozaa makala haya: "Springi hii imepigwa risasi ili kuongeza maisha ya uchovu wake."

"Mwalimu," fundi akaniambia, "nilidhani aliyeandika anatutania. Nani anataka springi yenye uchovu wa maisha marefu?" Ama kuhusu risasi, alieleza kwamba aliona kweli vijishimo vidogo vidogo vimeenea usoni mwa bapa. Akavihesabu kuwa kasoro ya kiwandani, akavisawazisha kwa grenda mpaka chuma kikang'aa, ndipo akaifunga springi mahali pake.

Springi hukatika kwa sababu nyingi, na lori lililojazwa kupita kiasi katika barabara yenye mashimo lina sababu zake lenyewe. Lakini vijishimo vile havikuwa kasoro. Vilikuwa alama ya kinga ambayo kiwanda kiliitia kwa makusudi, na fundi hodari aliiondoa kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa maneno aliyoandikiwa hayakumweleza kitu. Hapa tutayachunguza maneno matatu ya sentensi ile, yaani uchovu, risasi na maisha, pamoja na neno la nne ambalo halikutumiwa ilhali ndilo lililostahili: kufua.

Uchovu wa metali ni nini

Kiswahili cha kila siku hukubali kwamba kitu kisicho na uhai nacho huchoka. Twasema gari limechoka, shati limechoka, hata ardhi ya shamba imechoka. Katika matumizi hayo kuchoka ni sawa na kuchakaa: kitu kimetumika sana na sura yake yaonyesha. Mhandisi anaposema metali imechoka, hasemi hivyo. Metali iliyochoka yaweza kuwa inang'aa, haina kutu, haijapinda wala haijapungua unene. Kilichotokea ni kwamba imebebeshwa na kupunguziwa mzigo mara nyingi mno, kila mara kwa nguvu ambayo isingeweza kuivunja kwa mara moja, hadi ufa mdogo usioonekana kwa macho ukaanza, ukakua kidogo kidogo, na siku moja sehemu iliyobaki nzima ikashindwa kustahimili, ikakatika ghafla.

Elimu hii ilizaliwa relini. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilipata ajali baada ya ekseli ya injini kukatika. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wahandisi wa zama hizo waliuona uso wa chuma kilichokatika una chembe chembe, na wengi wao wakadhani kwamba mtikisiko wa safari umekibadili chuma kuwa fuwele. Haikuwa hivyo, chembe zile zilikuwamo tangu mwanzo, na ufa ndio uliozifunua. Katika miaka ya 1850 na 1860, August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, alizifanyia ekseli majaribio ya kuzizungusha zikiwa na mzigo na kuhesabu ni mizunguko mingapi hustahimili kabla ya kukatika. Alionyesha kwamba jambo la kutazamwa si ukubwa wa mzigo peke yake, bali ni mzigo pamoja na idadi ya marudio.

Mkaazi wa Tabora hahitaji kwenda Ulaya kuielewa idadi hiyo. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa njia panda ya reli kama ilivyokuwa njia panda ya misafara. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni kilomita 840 hivi. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 huzunguka zaidi ya mara 260,000 katika safari hiyo moja. Katika kila mzunguko, nukta ile ile ya uso wa ekseli huvutwa inapokuwa juu na kubanwa inapokuwa chini. Huko ndiko kuchoka kwa chuma: kuvutwa na kubanwa, kuvutwa na kubanwa, pasipo mapumziko.

Mahali sitiari inapodanganya

Uchovu ni sitiari, na wenye lugha nyingine nao walitumia sitiari hiyo hiyo. Jean-Victor Poncelet aliitumia kwa Kifaransa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Kijerumani pia husema metali imechoka. Ni sitiari nzuri, lakini ina mtego.

Tuikumbuke njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mizigo yao, kama ya misafara yote ya njia ile, ilibebwa na wapagazi, wengi wao katika safari za bara wakiwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Neno mpagazi lenyewe latokana na kitenzi pagaa, kubeba mabegani. Mpagazi alichoka, naam. Lakini kila jioni aliutua mzigo kambini, akala, akalala, na asubuhi nguvu zilirudi kwa kiasi fulani.

Chuma hakina kambi. Springi iliyopita mashimo 1,000 leo haiyasahau usiku lori likiwa limeegeshwa. Kesho huanza kuhesabu kutoka 1,001. Dereva anayesema "tuliliacha gari lipumzike" anasema kweli kuhusu joto la injini, lakini hasemi kweli kuhusu springi na ekseli. Kwa hiyo kidahizo cha uchovu wa metali hakina budi kutaja mambo mawili ambayo kidahizo cha uchovu wa mwili hakiyahitaji: kwamba husababishwa na marudio, na kwamba hauondoki kwa kupumzika.

Yafaa pia kuutenga uchovu na majirani zake. Kuchakaa ni kupungua ubora kwa matumizi kwa jumla. Kulika ni kupungua unene kwa msuguano, kama meno ya gia yanavyolika. Kutu ni kuliwa na hewa na maji. Kupinda ni kubadilika umbo kwa nguvu iliyozidi. Kuchoka ni kupata ufa kwa nguvu ndogo inayorudiwa. Mara nyingi haya huja pamoja, kwa mfano shimo la kutu likawa ndipo mahali ufa unapoanzia. Lakini kuja pamoja hakuyafanyi kuwa neno moja.

Kinachofanyika kiwandani

Ufa wa uchovu, mara nyingi sana, huanzia usoni mwa chuma. Huko ndiko mvuto unakokuwa mkubwa bapa linapopinda, na huko ndiko kwenye mikwaruzo na vishimo vya kutu. Aidha, ufa hufunguka unapovutwa na hufumba unapobanwa. Yakiunganishwa mambo hayo mawili, wazo la kinga lajitokeza lenyewe: kama uso wa chuma ungeweza kukaa umebanwa wakati wote, hata kabla ya mzigo kuja, basi mzigo ungelazimika kwanza kuumaliza mbano huo ndipo uanze kuvuta.

Namna ya kuupata mbano huo ni kuupiga uso wa chuma kikiwa baridi kwa maelfu kwa maelfu ya tembe ndogo za mviringo, za chuma, kioo au kauri, ambazo kwa kawaida hazifiki hata milimita 3 kwa kipenyo. Mashine huzirusha kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi au kwa hewa iliyoshindiliwa. Kila tembe huacha kijishimo kifupi. Kinapochimbika, ngozi ya chuma hutaka kutanuka kuelekea pembeni, lakini chuma cha chini yake, ambacho hakikuguswa, huikatalia. Mfano wake ni mkeka mrefu uliolazimishwa kuingia katika chumba kifupi: mkeka wataka kunyooka, kuta hazisogei, basi mkeka wakaa umebanwa. Vijishimo vinapoenea na kupakana kila mahali, uso wote unakuwa na tabaka lililobanwa, ambalo kina chake mara nyingi ni sehemu tu ya milimita moja. Tabaka hilo jembamba latosha kuchelewesha ufa, kwa kuwa ndipo ufa ulipotaka kuanzia.

Kazi hii ilishika mizizi katika viwanda vya magari kati ya miaka ya 1920 na 1940, ikianza na springi za vali za injini. Leo hufanyiwa springi za magari na za mabehewa, meno ya gia, mapanga ya injini za ndege na sehemu nyingine nyingi zinazopokea mzigo wa kurudiarudia. Tatizo la mwanzoni lilikuwa kupima: mbano hauonekani kwa macho. John Almen wa kampuni ya General Motors alipata njia rahisi. Kipande chembamba cha chuma cha springi, chenye urefu wa milimita 76 na upana wa milimita 19, hufungwa kwenye kishikizi na kupigwa upande mmoja tu. Kikifunguliwa, hujikunja, upande uliopigwa ukitokeza nje, kwa kuwa ngozi yake sasa ni ndefu kuliko mgongo wake. Kimo cha upinde huo ndicho kipimo cha ukali wa kupigwa.

Mipaka yake nayo ni ya kutajwa. Kinga hii haiponyi ufa uliokwisha kuanza na kukita kina. Haiizuii springi kuvunjika kwa mzigo uliozidi kabisa. Ikizidishwa, uso huweza kujeruhika ukazaa nyufa badala ya kuzizuia. Nayo huondoka kwa njia mbili ambazo karakana zetu huzitumia kila siku: kwa grenda, inayolisugua tabaka lililobanwa, na kwa moto, unaoulegeza mbano. Fundi anayeinyoosha springi kwa kuipasha moto mpaka iwe nyekundu, au anayeichomelea, ameirudisha kwenye hali isiyo na kinga, hata kama kwa macho yaonekana imetengenezeka.

Kwa nini "kufua"

Istilahi ya Kiingereza ya kazi hii ina maneno mawili. La kwanza ni lile litumiwalo pia kwa tembe za bunduki, na mtafsiri wa karatasi yetu alilishika hilo tu. La pili, ambalo aliliacha, ni la kihunzi: lahusu kugonga kwa kichwa cha nyundo kisicho bapa. Alilitupa neno lililobeba kazi, akabaki na neno lililobeba chombo.

Kiswahili hakikosi neno la kugonga chuma. Wanaisimu wa Kibantu hukirudisha kitenzi fua kwenye mzizi wa kale sana, nacho kina ukoo mpana: mfuachuma ni mhunzi, mfua fedha na mfua dhahabu ni masonara, fuawe ni chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake. Hata fua nguo na fua nazi, ukizitazama pamoja na fua chuma, zote zina kupiga au kukita kunakorudiwa. Kitenzi kingine cha kale, sana, chenye maana ya kufua, kimebaki hasa ndani ya methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Katika njia ya misafara maneno haya yalikuwa mali ya sokoni. Wahunzi wa Usumbwa na wa nchi za kusini mwa Ziwa Victoria, Warongo wakiwa mashuhuri miongoni mwao, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali. Katika Unyamwezi jembe la chuma lilikuwa zana ya shamba, bidhaa ya biashara na sehemu ya mahari. Na mpaka leo ukimtembelea mhunzi wa kijijini utamkuta akifua jembe au panga kutokana na bapa la springi kuukuu la lori. Springi iliyochoka hurudi motoni na kuwa kitu kingine. Kwa hiyo kulitumia neno kufua kwa springi si kulipeleka ugenini.

Lipo pingamizi moja la haki. Mhunzi hufua chuma kikiwa moto ili kukipa umbo, ilhali kiwandani chuma hupigwa kikiwa baridi na umbo lake halibadiliki. Pingamizi hili halilifukuzi neno. Lataka tu fasili iseme wazi: kikiwa baridi. Na tofauti hiyo hiyo yamfundisha fundi kitu cha maana, kwamba moto, ulio rafiki wa mhunzi, ni adui wa mbano.

Risasi, marisaa, gololi, mchanga

Risasi katika Kiswahili ni neno lenye kazi mbili: ni metali laini na nzito, na ni tunda la bunduki. Hakuna mojawapo inayofaa hapa. Tembe za kiwandani si za metali ile, wala springi haikupigwa bunduki. Msomaji aliyeambiwa "imepigwa risasi" ana haki ya kuona kasoro.

Kamusi zetu, hata hivyo, zimehifadhi neno marisaa, yaani tembe ndogo ndogo za bunduki za kuwindia ndege. Ni neno ambalo wengi wamelisahau, na kwa hiyo halina mzigo wa maana nyingi za mtaani. Ladokeza udogo, uviringo na wingi, na sifa hizo tatu ndizo tunazozihitaji. Gololi nalo lafahamika na kila fundi, lakini kwake humaanisha tembe kubwa kiasi za ndani ya beringi. Laweza kutumika katika maelezo, si katika istilahi.

La kuepukwa kabisa ni kupiga mchanga. Hiyo ni kazi nyingine: chembe kali zenye pembe hupulizwa ili kuondoa kutu na rangi kuukuu. Mchanga hukwaruza, marisaa hubonyeza. Mkwaruzo ni mlango wa ufa, na mbonyeo ulioenea ni komeo lake. Ndiyo maana viwandani marisaa yaliyovunjika na kuwa na ncha kali huchujwa na kutupwa.

Tuangalie na kiunganishi. Ufuaji wa marisaa, kwa msomaji makini, ni kazi ya kuyatengeneza marisaa yenyewe, kama ufuaji wa majembe. Tunachokitaka ni ufuaji kwa marisaa. Herufi moja yatenganisha kinachofuliwa na kinachofulia.

"Maisha ya uchovu"

Kosa la tatu ndilo lililomchekesha fundi. Tafsiri ya neno kwa neno imeyafanya maisha kuwa ya uchovu, kana kwamba uchovu ndio unaoishi na kwamba twautakia umri mrefu. Kinachorefushwa ni muda, au kwa usahihi zaidi idadi ya marudio ya mzigo, ambayo chombo hustahimili kabla uchovu haujakikata. Kiswahili kina kitenzi himili, na humo tunapata umri wa kuhimili uchovu. Ni kirefu kuliko kile cha karatasi, lakini chasema kitu cha kweli.

Mapendekezo ya vidahizo

uchovu wa metali nm [u-]: hali ya metali kupata ufa unaokua polepole kwa sababu ya mzigo unaorudiwa mara nyingi, hata kama mzigo huo ni mdogo kuliko wa kuivunja kwa mara moja, hauondoki kwa kupumzika.

marisaa nm [ya-]: 1 tembe ndogo za mviringo za bunduki. 2 (ufundi) tembe ndogo za mviringo za chuma, kioo au kauri zinazorushwa kwa kasi ili kufua uso wa metali.

fua kwa marisaa kt [ele]: piga uso wa metali ikiwa baridi kwa marisaa mengi mpaka tabaka la juu likae limebanwa, kwa kusudi la kuchelewesha nyufa za uchovu. Mnyambuliko: fuliwa kwa marisaa, ufuaji kwa marisaa nm [u-].

umri wa kuhimili uchovu nm [u-]: idadi ya marudio ya mzigo ambayo kitu hustahimili kabla ya kukatika kwa uchovu.

Kwa maneno haya, karatasi ile ingeweza kusomeka hivi: "Bapa za springi hii zimefuliwa kwa marisaa kiwandani ili kuongeza umri wake wa kuhimili uchovu. Vijishimo vinavyoonekana ndivyo kinga yake. Usivisugue kwa grenda wala usiipashe springi moto."

Nilimsomea fundi sentensi hizo nikiwa karakanani kwake. Aliuliza swali moja tu: "Na hizi kuukuu nilizonyoosha kwa moto?" Nikamweleza niliyoyaeleza hapa juu. Akainama, akaanza kuzitenga: zenye kurudi kwenye magari upande mmoja, za kupelekwa kwa mhunzi upande mwingine.